Kwa Nini Walimu wa Chuo Kikuu Hugoma?

Katika darasa letu la kisomo yuko mama mmoja ambaye binti yake anasoma chuo kikuu. Mwezi wa Septemba 2025 binti huyo alirudi nyumbani na begi lake. Mama alishtuka. Alidhani mtoto amefukuzwa. Binti akasema, "La, mama. Walimu wamegoma."

Basi mama akaja kwetu na maneno makali. "Mimi niliuza ng'ombe nilipe karo. Hawa watu wana mshahara kila mwezi. Wanataka nini tena?"

Swali hilo ni la haki. Tulimjibu kidogo siku ile, na leo tunalijibu kwa urefu, maana wazazi wengi wanaliuliza.

Mwalimu wa chuo kikuu huitwa mhadhiri. Hapa Kenya, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma wana chama chao cha wafanyakazi kinachoitwa UASU. Chama hufanya kazi kama ushirika wetu wa kahawa. Mkulima mmoja akienda peke yake kudai malipo, ataambiwa aje kesho. Wakienda mia tano, meneja atatoka ofisini mwenyewe.

Chama hiki hakikupatikana bure. Wahadhiri walikuwa na chama tangu miaka ya 1970. Kilidai mambo ya kazi, na kilidai pia mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o arudishiwe kazi yake chuoni baada ya kutoka kizuizini mwaka 1978. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilikipiga marufuku. Katibu wake, mwalimu wa sheria Willy Mutunga, aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Mwaka 1993 wahadhiri waliomba kuandikisha chama kipya, wakanyimwa. Wakagoma, na mgomo ukaendelea hadi mwaka 1994. Baadhi ya viongozi wao walifukuzwa kazi. Chama kiliandikishwa mwaka 2003, baada ya Moi kuondoka madarakani. Na yule Mutunga? Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya! Siku hizi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma zimeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41.

Sasa turudi kwa mama na ng'ombe wake. Mgomo wa 2025 ulihusu nini?

Kila baada ya miaka kadhaa, chama na mabaraza ya vyuo hukaa mezani. Hupatana juu ya mshahara, posho ya nyumba na mengineyo. Wakikubaliana, hutia sahihi. Karatasi hiyo huitwa mkataba wa pamoja. Ni mapatano, si ombi. Lakini hapa pana tatizo, na tunaomba usome polepole. Baraza la chuo ndilo linalotia sahihi, lakini fedha nyingi za mishahara hutoka Hazina ya serikali. Tena kuna Tume ya Mishahara, nayo lazima itoe ushauri wake kwanza. Kwa hiyo aliyeahidi siye mwenye mfuko. Wahadhiri wakienda chuoni huambiwa Hazina haijatuma. Wakienda serikalini huambiwa hesabu haijakubaliwa. Wewe uliyewahi kungoja malipo ya kahawa unaijua safari hiyo.

Wahadhiri walidai shilingi bilioni 7.9. Hizo zilikuwa fedha za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Hebu fikiri: mtu alifanya kazi mwaka 2018, na mwaka 2025 bado anadai. Bei ya unga haikumngojea. Walianza kugoma tarehe 17 Septemba pamoja na wenzao wa chama cha KUSU, ambao ni wafanyakazi wengine wa vyuo. Kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya hesabu ya deni. Mgomo ulikwisha tarehe 5 Novemba, baada ya siku 49. Walipatana kwamba deni litalipwa kwa sehemu mbili, na sehemu ya pili ikawekwa Julai 2026.

Mama alitusikiliza, kisha akasema, "Na mtoto wangu je? Nani atamlipa siku zake?"

Kweli, hapo tulinyamaza. Hakuna anayezilipa. Mwanafunzi aliyepanga chumba nje ya chuo hulipa kodi hata darasa likiwa tupu. Masomo ya wiki saba hubanwa kwa haraka. Sisi tunaona chama kina haki katika madai yake. Lakini viongozi wakizungumza redioni, wazungumze pia juu ya wanafunzi, wasiwataje mwishoni tu kama salamu. Na serikali isingoje mpaka madarasa yafungwe ndipo itafute fedha.

Lipo jambo jingine ambalo halina kelele, lakini huumiza zaidi. Vyuo vingi hutumia wahadhiri wa muda. Hao ni kama vibarua. Hulipwa kwa saa walizofundisha, na mara nyingi malipo hukawia miezi mingi, hata kupita mwaka. Wengine, wakichoka kudai, hukataa kutoa alama za mitihani mpaka walipwe. Basi mtoto anamaliza masomo, nyumbani mbuzi ameshafungwa kwa ajili ya sherehe, na jina lake halimo katika orodha ya wanaohitimu. Alama za somo moja hazionekani. Wazazi humwambia mtoto, "Wewe ulikuwa unacheza tu huko!" Kumbe alifanya mtihani, ila aliyeusahihisha hajalipwa. Hapa deni la mwalimu na hasara ya mwanafunzi ni kitu kimoja.

Kwa hiyo mzazi, usingoje mwaka wa mwisho. Kila muhula mwulize mtoto wako kama alama za masomo yote zimeingia. Kama kuna pengo, aende ofisi ya idara mapema, aandike barua, na nakala abaki nayo. Atunze pia kadi ya mtihani na risiti zote za karo. Mgomo ukitangazwa, aulize chuoni kama bweni linabaki wazi kabla ya kupanda basi, maana nauli ya kwenda na kurudi ni fedha nyingi. Yule mama sasa ana bahasha ya karatasi za binti yake. Ameandika juu yake kwa mkono wake mwenyewe jina la mtoto na la chuo.