Sharubati ya Futari na Hesabu ya Mwezi

Wako walalamikao kuwa sharubati ya maembe ya futari mwaka huu si ya mwaka ule, wakamlaumu muuzaji. Mimi nailaumu hesabu ya mwezi. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwembe hautazami hilali. Mwaka 2002 tulifunga Novemba, msimu wa ngowe ukifunguka. Mwaka 2021 saumu iliangukia masika, tukashika ukwaju. Nao si wa kudharauliwa: hurowekwa asubuhi, ukachujwa, ukatiwa sukari na iliki. Lakini ule unga wa pakiti wenye rangi, hata! Mwaka 2030, inshallah, Ramadhani zitaandama mbili, Januari na Desemba, zote ndani ya kaskazi.