Jicho Huona kwa Ubongo

Mkulima wa Kuresoi, kando ya msitu wa Mau, anafahamu kuwa kiazi kilichopandwa baada ya mvua kupita hakiokolewi na mbolea. Ubongo wa mtoto nao una msimu wake.

Mtoto huzaliwa na macho, ila hazaliwi na uwezo kamili wa kuona. Neva zinazopokea nuru kutoka machoni huimarisha miunganisho yake ubongoni. Zisizotumika hupokonywa nafasi. Mnamo 1963, David Hubel na Torsten Wiesel walidhihirisha hayo kwa kuziba jicho moja la mtoto wa paka. Lilipofunguliwa baada ya miezi miwili au mitatu, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini seli nyingi za ubongo hazikuliitikia tena. Paka mzima aliyezibwa vivyo hivyo hakudhurika. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mtoto wa jicho, maradhi yanayodhaniwa kuwa ya wazee, huweza kumpata hata mtoto tumboni. Mzee wa Olenguruone akingoja mwaka mzima ndipo apasuliwe, aghalabu huona tena. Mtoto mchanga akingoja hivyo, hata upasuaji ukifaulu, huenda ubongo usilitambue jicho. Ndiyo maana wataalamu huhimiza upasuaji kabla ya takriban wiki ya nane, kisha miwani.

Hivyo basi, mzazi aonaye weupe katika mboni ya mwanawe asingoje barabara ya Nakuru ikauke. Udongo uwahi ungali maji.