Fahamu: Ukarabati wa mifereji ya mpunga bonde la Imbo

Ni nini?
Ni kubadilisha milango ya maji iliyoliwa na kutu, kusakafia upya kuta zilizopasuka na kuzibua mifereji iliyojaa mchanga. Hapa tunazungumzia hasa Gihanga, kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi, ambako mashamba ya mpunga yanayosimamiwa na shirika la SRDI hunyweshwa kwa maji ya mto Mpanda.

Maji hufikaje shambani?
Kwenye banio, sehemu ya maji ya mto huelekezwa kwenye mfereji mkuu, kisha kwenye mifereji midogo hadi majaruba. Hakuna pampu, ni mteremko tu. Ndiyo maana ufa mmoja huko juu humkausha mkulima aliye mwishoni, na hapo ndipo ugomvi wa zamu za maji za usiku huanza.

Kwa nini mifereji huchakaa?
Mpanda hushuka kutoka milima ya Mumirwa, kwenye miteremko mikali iliyolimwa sana. Mvua kubwa huteremsha udongo, na udongo huo hutua mferejini. Ukibadilisha milango bila kupanda miti na kuchimba makinga maji huko juu, kazi itarudiwa.

Kwa nini ukarabati unamhusu asiyelima?
Kiangazi cha Imbo huwa kuanzia Juni hadi Septemba, na mpunga wa wakati huo hutegemea mfereji. Mchele wa Gihanga huliwa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura. Maji yakikatika wakati mpunga unatoa masuke, punje hubaki tupu, na mchele unaofika mitaa hiyo hupungua.