Msiniulize Timu Ipi Inashinda

Swali ni lile lile. Linakuja kwa simu, linakuja kwa WhatsApp, na Jumapili linanikuta nje ya kanisa nikiwa nimeshika sahani ya pilau: "Daktari, mtoto anapenda besiboli. Timu ipi hapa mjini inashinda sana, nimpeleke?" Kwanza mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na hilo nimeshachoka kulisahihisha. Wazazi wetu waliohamia Marekani kutoka Dar, Nairobi na Bukavu wamejifunza mchezo huu upesi, na ugonjwa wa wenyeji wakaudaka humo humo: kuamini kwamba mtoto anayebeba vikombe akiwa na miaka 11 yuko njiani kuwa nyota, na kwamba kocha anayevileta ndiye kocha mzuri.

Hebu tazama timu ya watoto inavyoshinda. Kwenye soka, mtoto mmoja mkubwa anaweza kuzungukwa na wanne wadogo wakamnyang'anya mpira. Kwenye besiboli kila kitu kinaanzia mkononi mwa mrushaji mmoja. Watoto wa Little League wanarusha kutoka mita 14. Wakubwa, mita 18 na ushee. Sasa mweke hapo mvulana wa miaka 12 ambaye sauti imeshakuwa nzito na mabega yametanuka. Mpigaji mwenye mwili wa kitoto anapolitikisa gongo, mpira umeshalia kwenye glavu ya mdakaji. Timu imeshinda. Kocha hakufundisha kitu; amewawahi tu wenzake kumpata aliyebaleghe mapema.

Mnaobisha, mkumbukeni Danny Almonte. Mwaka 2001, kwenye mashindano ya dunia ya Little League pale South Williamsport, Pennsylvania, mvulana huyu wa timu ya Bronx alirusha mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Magazeti yakamwimba. Baadaye kumbukumbu za kuzaliwa kutoka Jamhuri ya Dominika zikaonyesha kazaliwa 1987, si 1989: alikuwa na miaka 14 kwenye mashindano ya wasiozidi 12. Kwetu tungesema kijeba tukamaliza. Ushindi wa timu ulifutwa, na Almonte hakuwahi kufika ligi kuu. Simtaji kumsuta, maana mtoto hajitengenezei cheti cha kuzaliwa. Namtaja kwa sababu kile ambacho nchi nzima ilikiita kipaji, sehemu yake kubwa ilikuwa miaka 2.

Na wapo vijeba halali. Karatasi zao safi, miaka 12 kweli, ila mwili umetangulia. Hao ndio wanaojaza makabati ya vikombe. Wakifika miaka 16 wenzao wamewafikia kwa kimo, na wao hawana walichojifunza zaidi ya kurusha kwa nguvu, kwa kuwa hakuna siku walilazimika kutumia akili. Yule mdogo ambaye angekuja kurefuka baadaye alikaa benchi misimu mitatu, akachoka, akaacha.

Wengine hiyo miaka 16 hawaifikii wakiwa na kiwiko kizima. Mwezi uliopita aliletwa mmoja wa miaka 11. Nikamwambia anyooshe mikono mbele, viganja juu. Wa kushoto ukanyooka. Wa kulia ukagoma njiani, kama wa mtu aliyening'iniza kikapu. Nilipobonyeza ule uvimbe wa mfupa upande wa ndani wa kiwiko, akafumba macho. Hapo mfupa wa mtoto bado unakua, una gegedu laini, na kila mrusho unaivuta. Isipopumzishwa, inaachia. Nikamuuliza baba: Jumamosi karusha mipira mingapi? Baba, mtu makini kabisa, alikuwa na matokeo ya kila mechi tangu Machi kichwani. Idadi ya mipira hakuijua. Tulipohesabu pamoja tukakuta timu mbili, asubuhi hii, jioni ile, na kila kocha akihesabu ya kwake tu. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuchua, akauliza kama aipake kabla ya fainali au baada.

Dawa ile inapoza maumivu, na maumivu ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinamlinda mtoto yule asiendelee kurusha mkono ukiwa umechoka. Watafiti wa Birmingham, Alabama, mwaka 2006 waliwalinganisha vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na wenzao wazima. Waliozoea kurusha wakiwa wamechoka, uwezekano wao wa kuishia kwenye kisu ulikuwa mara 36 ya wasiozoea hivyo.

Kuna wanaonijibu: basi tusihesabu pointi, kila mtoto apewe medali. Upuuzi mwingine. Ficheni ubao, watoto wakifika kwenye gari wanajua nani kashinda na kwa ngapi. Mtoto kutaka kushinda ni afya. Ninayegombana naye ni mtu mzima anayetaka kushinda kwa mkono usio wake.

Haya, ya kufanya, upesi upesi. Nunua daftari, hesabu mipira mwenyewe, ya timu zote ukurasa mmoja. Kanuni ya Little League kwa miaka 11 na 12 ni mipira 85 kwa siku, na akivuka 65 apumzike siku 4; kwa miaka 9 na 10 ni mipira 75. Hicho ni kikomo, msikifanye shabaha. Kiwiko kikianza kushuka, au mipira ikianza kupaa, kachoka. Mtoe hata kama daftari linasema 30. Asirushe na kudaka siku moja. Miezi 4 kwa mwaka asirushe kabisa: acheze soka, aogelee, akae. Timu moja kwa msimu. Kiwiko kikiuma, hakuna kurusha wala kuchua, mleteni aangaliwe. Na ukienda kutafuta timu, muulize kocha msimu uliopita watoto wangapi walipewa nafasi ya kurusha, na wangapi wamerudi msimu huu. Akikuonyesha kabati la vikombe badala ya kujibu, mshike mtoto mkono mrudi kwenye gari.