Mshauri wa Kompyuta Asiye na Mwajiri



Kila mtumishi mwenye sare anajua kwamba iko siku atakayoivua. Siku hiyo hupewa shukrani, na pengine kiinua mgongo, kisha hurudi nyumbani akiwa bado ana nguvu za kufanya kazi. Miongoni mwa wanaorudi katika miji ya ufuko wa Tanganyika, kama Rumonge, wamo waliojifunza kompyuta kazini: katika mawasiliano, katika hesabu za mishahara au katika bohari. Wao hujiuliza kama ujuzi huo waweza kumlisha mtu asiye na mwajiri. Jibu ni kwamba waweza, lakini kwa masharti.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mshauri wa kompyuta wa kujitegemea huitwa na mwenye shughuli, akalichunguza tatizo lake, akamweleza dawa, na mara nyingi akaitengeneza dawa hiyo mwenyewe kwa ujira waliopatana. Kazi ikiisha, wanaachana. Hapana mshahara wa mwisho wa mwezi, hapana likizo yenye malipo, wala hapana mkubwa wa kutoa amri.

Je, kazi ya namna hiyo ipo Rumonge? Mji huu, ulioko zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, unaishi kwa mawese, kwa mukeke na ndagala, na kwa bandari yake. Mfanyabiashara wa mawese ana madeni ya kuyafuata. Zahanati ina majina ya wagonjwa. Chama cha akiba na mikopo kina fedha za watu. Tangu nyaya mpya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na simu ikawa njia ya kupelekeana fedha, hesabu nyingi zimehama kutoka katika daftari. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mashine ikaungua, hesabu za mwaka mzima hupotea ikiwa hazikuwekewa nakala mahali pengine. Hapo ndipo penye kazi ya mshauri.

Kosa linalowaangusha wengi ni kudhani kwamba kazi hii huanza kwa kununua mashine. Mtu hukichukua kiinua mgongo chote, akakodi chumba, akanunua kompyuta tatu, akatundika kibao mlangoni, kisha akangoja. Kodi ya chumba hula akiba yake kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, na ada za shule za watoto ndizo zinazolipia kosa hilo.

Tutazame mfano wa Stephanie Shirley, aliyefika Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi. Mwaka 1962 alianza nyumbani kwake shughuli ya kuuza programu za kompyuta, kwa mtaji wa pauni 6. Wakati ule programu ziliandikwa kwa kalamu na karatasi. Kampuni yake ilikuja kuwa na maelfu ya wafanyakazi. Alichouza tangu mwanzo kilikuwa ujuzi, na ujuzi haukodishiwi chumba.

Basi anayeanza na aanze na tatizo moja analolimudu, na mteja mmoja anayemfahamu. Yatakayopatanwa yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: kazi gani itafanywa, itakwisha lini, malipo ni kiasi gani na yatatolewa kwa mafungu mangapi, na jambo gani halimo katika mapatano. Mstari huo wa mwisho huzuia ugomvi mwingi, kwa sababu mteja aliyewekewa programu ya hesabu kesho ataomba pia simu ya mwanawe itengenezwe.

Bei nayo ina hesabu yake. Tuseme nyumba yahitaji faranga 600,000 kwa mwezi. Akigawa kwa siku 30, ataona kwamba 20,000 kwa siku zatosha. Lakini siku zenye malipo huenda zikawa 10 tu. Nyingine ni za kutafuta wateja, kujifunza na kudai. Kila siku ya kazi basi haina budi kuleta 60,000, kabla ya nauli na kodi ya serikali. Na kodi isisahauliwe: Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, humpa mlipakodi namba yake, na wateja wakubwa huidai namba hiyo kabla ya kulipa.

Askari ana mtaji ambao raia wengi hawana. Amezoea kufika kwa saa, kuandika taarifa na kufunga mdomo. Mshauri hukabidhiwa maneno ya siri ya mteja na kuziona fedha zake. Akinong'ona sokoni mara moja, kazi imekwisha. Vilevile, siri za utumishi si bidhaa ya kuuza, na aliye bado kazini aulize kwanza kanuni zake zinamruhusu nini. Lakini kuna mazoea yanayofaa kubaki kambini: mteja haamrishwi, husikilizwa.

Ndugu wasikilizaji, ahadi ni deni. Mwenye ujuzi wa kadiri anayetimiza siku aliyoitaja ataitwa tena, na bingwa asiyeonekana atasahauliwa. Ajiandae mtu angali na mshahara, ili siku ya kuivua sare imkute na mteja wake wa kwanza anamngoja.