Kibodi imekufa, spea iko wapi?

Chai ikimwagika juu ya kompyuta mpakato, mara nyingi kibodi ndiyo hufa kwanza. Mwenye mashine hudhani ni kazi ndogo: ing'olewe hii, iwekwe nyingine. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Kwenye ThinkPad X220 ya mwaka 2011, fundi alifungua skrubu chache chini ya mashine, akainua kibodi na kuchomoa waya wake bapa, kazi ikaisha.

Mashine nyembamba za leo zimeua urahisi huo. Nyingi kibodi yake imefungwa kwa ndani, chini ya gamba unalolazia viganja, na imeshikizwa kwa vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Kuifikia, fundi hutoa kifuniko cha chini, betri, feni na mazabodi, kisha anakata vipini hivyo kimoja baada ya kingine, navyo ni makumi. Vikishakatwa havirudi, kibodi mpya itashikwa kwa gundi au kwa kuyeyusha upya masalia. Ndiyo maana watengenezaji wengi huuza kibodi pamoja na gamba lote, na bei inapaa.

Apple ilikwenda mbali zaidi. Kibodi yake ya "kipepeo" iliyotoka 2015 ilikwama kwa vumbi tu, na kwenye MacBook Pro kuibadilisha kulimaanisha kubadilisha gamba pamoja na betri iliyogandishwa humo. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza matengenezo ya bure, na 2019 ikaanza kuuacha muundo huo.

Kabla ya kukubali kubadilisha, wateja wengi husugua vitufe kwa spiriti bila mafanikio. Chini ya vitufe kuna karatasi laini za plastiki zenye njia za umeme, na vitufe vingi hutumia njia moja. Njia ikiliwa na kutu, herufi zisizopakana hufa kwa pamoja. Ukiona hivyo, acha kusugua; kibodi hiyo ni ya kubadilisha.

Hapo ndipo msako wa spea unapoanza. Mashine za jina moja huweza kuwa na kibodi tofauti: waya umekaa kushoto au kulia, yenye taa ina waya wa pili, matundu ya skrubu hayalingani. Enta ya Marekani ni ya kulala, ya Uingereza imesimama. Mitumba kutoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, na ya Ufaransa huanza na A mahali pa Q. Kwa hiyo usiende kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli na jina la mashine peke yake. Nenda na namba iliyo kwenye lebo nyuma ya kibodi, au ipige picha. Lenovo, HP na Dell huweka miongozo ya matengenezo mtandaoni bure. Humo utaona pia kibodi inatolewaje.

Ufaransa, tangu Januari 2021, muuzaji wa kompyuta mpakato hutakiwa kuonyesha alama, kati ya 10, ya jinsi inavyotengenezeka, na upatikanaji wa spea na bei yake huhesabiwa. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, yanapaswa kudai alama kama hiyo hapa kwetu. Nawe, kabla ya kulipia mashine, muulize muuzaji: kibodi ikifa, inatoka peke yake au na gamba zima?