Pikipiki Tatu Kwenda Mgeta

Baba wa nyumba akipata wazo lake, akina mama mnajua wenyewe, halimtoki kwa urahisi. Waume zetu watatu ni marafiki wa siku nyingi hapa Kipawa, na kila mmoja ana pikipiki ya kwendea kazini. Kwa miezi kadhaa mazungumzo yao baada ya ibada yalikuwa hayo hayo: Jumamosi moja tuwashe asubuhi, tupande milima ya Uluguru, tulale Mgeta, Jumapili turudi. Sisi wake zao tulikuwa tukijibu kwa kunyamaza, maana ukinyamaza mzee hajui kama umekubali au umekataa.

Tulikuwa na sababu. Mmoja wetu, huyu anayeandika, ni muuguzi. Tangu pikipiki za abiria zilipojaa mijini, wodi za majeruhi zimezoea mapaja yaliyovunjika na, kinachotutisha kuliko vyote, vichwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Cochrane walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakaona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda chini ya kidevu. Ile inayoning'inia kwenye kioo mpaka askari wa usalama barabarani aonekane haijamsaidia mtu.

Basi siku walipotuuliza waziwazi kama tutakwenda nao, tulijibu kwamba tutakwenda kwa masharti. Kofia sita, si tatu. Hakuna kuendesha giza likiingia. Kila baada ya saa moja tunasimama, watu wanyooshe miguu na kunywa maji. Na matairi, breki na minyororo vikaguliwe na fundi kabla ya Ijumaa. Wakakubali haraka mno, tukashangaa.

Mjadala mrefu ulikuwa wa suruali. Mwenzetu mmoja wa kwaya alizoea kukaa upande kwenye pikipiki, magoti pamoja, kanga ikipepea. Tulimweleza tunayoyaona kazini: anayekaa upande hana cha kukumbatia kwa miguu, pikipiki ikishtuka anarushwa kinyumenyume, na kanga inayopepea hunaswa na mnyororo au spoku, ikamvuta mwenyewe. Akasema, "Nikivaa suruali, watu wa kanisani watanionaje?" Mwishowe sote watatu tulivaa suruali nzito na viatu vya kufunika vidole, vitenge tukavikunja mkobani. Mama mzee mmoja wa kanisa alituona tukiondoka. Hakusema neno, ila macho yake yalisema ya kutosha. Tulipanga kumletea karoti.

Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Tuliondoka saa 12 asubuhi, tukapita Tazara, Barabara ya Mandela, Ubungo, mpaka tukaiacha Kibaha nyuma. Hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, na njia nzima una malori ya Zambia na Kongo mbele yako na mabasi nyuma yako. Lori likikupita, upepo wake unakusukuma pembeni, kisha unakuvuta. Hakuna aliyetueleza hilo kabla.

Baada ya Mlandizi tulivuka Mto Ruvu. Tulisimama kidogo tukautazama, maana maji ya bomba ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam hutoka mto huu, nao hulishwa na vijito vya milima tuliyokuwa tukiiendea. Chalinze tulikunywa chai. Saa 6 mchana tulikuwa Msamvu, mlangoni mwa mji wa Morogoro, ambako Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Waendesha bodaboda wengi walikuwa humo. Waume zetu walizima pikipiki, wakavua kofia kwa dakika moja. Hatukuwa tumewaomba.

Kutoka mjini unafuata barabara ya Iringa, kisha unaiacha upande wa Mzumbe na kuanza kupanda. Joto la Dar linabaki chini. Kila kona inafungua bonde jingine, na miteremko imelimwa kwa ngazi ngazi mpaka unajiuliza mtu anasimamaje pale na jembe: kabichi, karoti, njegere, viazi, maharage. Mboga hizi tunazinunua sokoni Dar bila kujua zimeshuka njia gani. Tulikutana nazo kichwani kwa akina mama wakishuka kwa miguu, wengine na mtoto mgongoni.

Tulilala karibu na Nyandira kwa jamaa wa mmoja wetu. Bibi mwenyeji alitupa uji wa moto na maziwa ya mbuzi. Huko wanafuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei, walioletwa miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwa nyumba isiyo na nafasi ya ng'ombe, mbuzi wawili ni mkombozi. Alituonyesha shamba lake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo kadhalika. "Hili la mama yangu, na la mama yake," alisema, akiwatazama waume zetu kama anayewaonya. Usiku tulijifunika blanketi mbili mbili. Mtu wa Kipawa ataona tunatia chumvi.

Jumapili tulisali hapo kijijini, na tulipotoka mvua ilikuwa imeanza. Bibi alisema, "Mvua hii si ya kupita. Laleni." Waume zetu walitazamana, mmoja akasema tutawahi, na wenzake wakaitikia.

Hapa inabidi tuseme ukweli, ingawa unatuaibisha. Masharti yote yalikuwa yametoka kwa muuguzi. Njia ile ni udongo mwekundu, na yeye aliiona inavyoteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Alijua zamu yake ya Jumatatu ilikuwa ikimvuta. Zaidi ya hapo, hakutaka mume wake aonekane mbele ya rafiki zake kama mtu anayeamriwa na mke. Akafunga mkanda wa kofia, akapanda.

Tulishuka kwa gia ya kwanza, polepole, na kwenye kona ya tatu au ya nne tairi la nyuma la pikipiki yetu ya mbele liliteleza. Pikipiki ililala upande wa kulia, taratibu kama ng'ombe anayejilaza, na ekzosi ikatua juu ya mguu wa muuguzi. Hakuna kilichovunjika. Lakini ekzosi iliyotoka kupashwa moto hupenya suruali mara moja.

Mmoja wa akina baba alikimbia na dawa ya meno. Tulimrudisha nayo. Kwa kidonda cha moto si dawa ya meno, si unga, si asali wala mafuta ya kula. Ni maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, mara tu baada ya kuungua. Kisha unafunika kwa kitambaa safi, lengelenge huligusi, na ukifika kituo cha afya unauliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kijito kilikuwa pale pale kando ya njia. Tulikaa tukihesabu dakika, mguu ndani ya maji ambayo pengine yangetutangulia kufika Dar.

Katika zile dakika 20 mwenzetu wa kwaya alianza kulia. Alisema tangu asubuhi moyo ulikuwa ukimdunda, ila aliona mtaalamu amepanda, akadhani ni salama. Wa tatu naye alisema hivyo hivyo. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akimtazama mwingine. Na tulipowageukia waume zetu, yule aliyesema tutawahi akakiri kwamba naye aliogopa, ila wenzake waliitikia upesi mno.

Baada ya hapo hapakuwa na mabishano. Wao walikokota pikipiki, sisi tulitembea, mwenye mguu akishikwa mkono, mpaka njia ilipokauka. Morogoro tulifika jua likizama, tukatafuta nyumba ya wageni. Tulimpigia bibi wa watoto simu. Msimamizi wa zamu naye alipigiwa. Alinung'unika, kisha akatafuta mtu.

Mguu umepona baada ya wiki tatu, limebaki kovu dogo kama yai la njiwa. Karoti zilifika salama, na mama yule mzee wa kanisa aliuliza suruali kama zile zinauzwa wapi, maana binti yake hupanda bodaboda kila siku. Waume zetu sasa wameanza kuitaja Lushoto. Safari hii hatujanyamaza. Tumewaambia barabara ya kutoka Mombo kupanda ni ya lami, hilo ni jema. Lakini iwe kiangazi, na iwe siku nne.